Kofia Tatu za Somo la Majaribio

"Kofia ikishakaa kichwani mwa mtu, huyo askari wa mfalme atajuaje imeshonwa wapi?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa Bibi mwenye nyumba niliyofikia Al Jaddaf, Dubai, asubuhi moja ya saa nne, nikiwa nimesimama mbele ya televisheni iliyozimwa. Mkononi nilikuwa na kalamu ya wino mzito, na karatasi kubwa nilikuwa nimezibandika ukutani. Nikamwambia tutalifikia swali hilo baadaye, kama wanavyosema walimu wote wasio na jibu.

"Haya," akasema, akilamba ncha ya uzi ili uingie sindanoni. "Mie nipo. Sendi popote."

Mwenye pa kwenda nilikuwa mimi. Viza yangu ya matembezi ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Nilikuja Dubai kutafuta kazi ya kufundisha historia, na katika wiki saba nilikuwa nimepata majibu mawili tu. La kwanza lilinitakia kila la heri. La pili lilitoka katika shule moja nyuma ya minara ya Jumeirah Lake Towers: njoo ufundishe somo la majaribio, dakika arobaini, mbele ya darasa la watoto wa miaka kumi na tano. Wakiridhika, watanishughulikia viza ya kazi. Wasiporidhika, narudi Mombasa na cheti changu cha chuo kikuu ndani ya bahasha ileile niliyokuja nayo.

Mada walichagua wao. Umerkantili na maisha ya kiuchumi katika makoloni ya mwanzo ya Waingereza huko Amerika.

Chuoni wenzangu walikuwa wakiniita Bi Kwa Nini. Sikuwa nikiuliza kwa utovu wa adabu. Nilikuwa siwezi kunyamaza. Mhadhiri akisema jambo fulani lilileta jambo fulani, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi. Sasa hapa, sebuleni kwa watu, aliyeinua mkono alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, na mimi ndiye niliyetamani anyamaze.

Bibi alitoka Unguja akiwa bibi harusi, akazeekea Dubai. Sokoni alisema Kiarabu cha Ghuba, nyumbani alisema Kiunguja ambacho hata Unguja yenyewe sasa hukisikii sana. Mama yangu alimjua kwa sababu ya kofia. Mwaka mmoja, zamani, Bibi aliishi Mombasa kwa ndugu zake, na wawili hao wakawa wanashona pamoja ubarazani kila alasiri: kofia nyeupe za viua, zile zenye mamia ya vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi wa hariri mpaka vikafanya maua na nyota. Nilipopata tiketi, Mama alinipa kofia mbili za kumpelekea Bibi. Hiyo ndiyo kodi niliyolipa ya chumba.

Basi kila asubuhi, mwanawe akishaondoka kwenda kazini bandari ya Jebel Ali, sebule iligeuka darasa na Bibi akawa wanafunzi wote.

"Tuanze upya," nikasema siku ile. "Uingereza ilikuwa na makoloni ng'ambo ya bahari. Iliamini, na huo ndio umerkantili, kwamba utajiri wa dunia ni kama sinia moja la pilau. Nikipata zaidi mimi, umepungukiwa wewe. Kwa hiyo koloni kazi yake ni kulilisha taifa mama. Watoe tumbaku, mbao, ngozi za wanyama. Wanunue vitu vilivyokwisha kutengenezwa Uingereza."

"Kama mke wa mwana," Bibi akasema. "Apike, apakue, kisha angoje aonjeshwe."

"Kama hivyo. Na tumbaku yao hawakuruhusiwa kumpelekea Mholanzi au Mfaransa moja kwa moja. Ipitie Uingereza kwanza, Mwingereza ndiye amuuzie Mholanzi."

"Mwanangu anafanya kazi hiyohiyo Jebel Ali. Chai inatoka kwenu Mombasa, inashushwa pale, inatiwa katika maboksi mengine, inapanda meli nyingine. Haya, na kofia je?"

Kofia ndizo zilizomkaa moyoni. Nilikuwa nimezitia kwenye somo kama mfano tu. Makoloni ya kaskazini yalikuwa na manyoya mengi ya mnyama wa mitoni aitwaye biva, na manyoya hayo ndiyo yaliyotengenezea kofia nzuri za wanaume wa zama hizo. Watu wa makoloni wakajifunza kuzitengeneza wenyewe, wakazifanya vizuri. Watengenezaji wa London wakalalamika. Bunge likatunga sheria: kofia ya koloni isisafirishwe nje ya koloni hilo, hata kwenda koloni jirani. Fundi asichukue wanagenzi zaidi ya wawili. Mwanagenzi ajifunze miaka saba.

"Miaka saba!" Bibi akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mie nilifundishwa kwa Ramadhani moja."

"Na kuna kipengele kingine," nikasema, na hapo sauti yangu ikashuka kidogo, maana kila nikikisoma nilikuwa nasita. "Mtu mweusi asiajiriwe kabisa katika kazi ya kofia."

Bibi alishusha sindano. "Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi walikuwepo waliojua kuzifanya, na wakizifanya vizuri. La sivyo wangekatazwa nini?"

Nilikuwa nimesoma kipengele hicho mara nyingi, kwa hasira, na hasira hiyo ilinizuia kuona jambo dogo namna hiyo. Nikaliandika pembeni ya karatasi. Halafu ndipo akaniuliza lile swali la kofia kichwani na askari wa mfalme, na nikamwambia tutalifikia baadaye.

Hatukulifikia. Siku mbili nilitafuta. Nilisoma makala mtandaoni mpaka macho yakawasha, nikakuta kila mtu anaeleza sheria ilikataza nini, na wengi wanasema haikufuatwa sana, lakini hakuna aliyenieleza mtu wa forodha angewezaje kushika kofia na kusema hii ni ya Boston, hii ni ya London. Nikaanza kuogopa. Darasani atatokea mtoto mmoja kama mimi nilivyokuwa. Daima yupo. Ataniuliza, nitababaika, na mkuu wa idara atakayekaa nyuma ataandika kitu kwenye daftari lake.

Jioni ya siku ya pili Bibi aliniita mezani. Alikuwa amepanga kofia tatu juu ya kitambaa.

"Haya, askari wa mfalme. Moja ya mashine, nimeinunua dukani. Moja nimeshona mie. Moja ni katika zile ulizoniletea. Nambie ipi ni ipi."

Ya mashine niliitambua upesi. Kwa ndani ilikuwa na nyuzi zilizopita ovyo. Zile mbili nyingine nikazigeuza, nikazinusa hata, nikaziinua kwenye taa. Kisha nikaweka kidole juu ya moja.

"Hii ya Mama."

"Una hakika?"

"Bibi, mimi nimekulia chini ya mikono ile. Angalia vitundu vyake. Vimelingana kama punje za mtama. Naweza kuitoa kofia ya Mama katika kofia mia."

Bibi aliichukua, akaisogeza karibu na miwani, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono wa ukingo, pale kipande cha juu kinapokutana na cha pembeni. Alikaa nayo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ukingo ni wa mamako," akasema. "Naujua ukingo wake." Kisha akazitia zote tatu kwenye mfuko wa karatasi, akanisukumia. "Nenda nazo shule."

"Nikazifanyie nini?"

"Mwalimu nani, mie au weye?"

Asubuhi ya somo nilipanda treni ya mstari wa kijani, nikabadilisha nikaingia ya mstari mwekundu, mfuko wa karatasi nimeukumbatia. Nilivaa viatu vya binti mkwe wa Bibi, vilivyonibana kidole cha mwisho. Nakumbuka zaidi kidole hicho kuliko nilichokuwa nikikikariri njiani.

Darasa lilikuwa na watoto ishirini na wawili na kiyoyozi kilichotosha kuhifadhia samaki. Mkuu wa idara, madam mmoja mrefu mwenye kikombe cha chai ya karak, alikaa kiti cha nyuma kabisa. Tulizungumza Kiingereza; hapa nakiandika kwa lugha yangu.

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa mbaya. Nilieleza sinia la pilau, wakanitazama kama ninawasomea masharti ya benki. Nilieleza tumbaku, jinsi ilivyotumika hata badala ya sarafu, mtu akimlipa kasisi kwa tumbaku. Mmoja akacheka, mwenzake akamwambia, "Baba yako angelipwa kwa kitu gani, mikungu ya ndizi?" na nikalazimika kuwatuliza. Nikafika kwenye kofia. Nikataja sheria. Msichana aliyekaa karibu na dirisha, ambaye mpaka hapo alikuwa akichora ua kwenye ukingo wa daftari, akainua kichwa bila kuinua mkono.

"Lakini Miss, wangejuaje?"

"Wangejua nini?"

"Kofia imetoka wapi. Kofia ni kofia."

Nilisikia kikombe cha karak kikitua. Ningeweza kumwambia tutalifikia baadaye. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimtazama yule msichana nikajua anachokisubiri, kwa sababu mimi nimekisubiri katika madarasa yote niliyowahi kukaa, na sikukipata ila mara chache.

"Sijui," nikasema. "Nimelitafuta jibu siku mbili na sijalipata."

Kalamu zikawekwa chini. Si kwa heshima. Kama watu walioona ajali ndogo wanangoja kujua kama kuna aliyeumia. Nikaufungua mfuko wa karatasi.

Nikawagawa makundi mawili. Upande wa dirisha ni maofisa wa forodha wa mfalme. Upande wa mlango ni wafanyabiashara. Kofia moja ni ya mashine, ya dukani. Mbili zimeshonwa kwa mkono na wanawake wawili katika nchi mbili. Maofisa wana dakika tano kusema ipi imetoka wapi, na wafanyabiashara wana dakika tano hizohizo za kuwapoteza.

Kelele zikaanza hapo.

"Hii babu yangu anayo, hii ni ya Oman!"

"Ya Oman wapi, jirani yetu Mzanzibari anavaa hiyohiyo msikitini!"

"Ofisa, wewe huna hata babu, nyamaza!"

"Miss, anamhonga! Amempa chokoleti!"

"Ni zawadi tu, sir, khalas, yaishe, tazama pembeni!"

Nikawaacha. Walizigeuza, wakazinusa kama nilivyofanya mimi, mmoja akazipiga picha atafute kwenye simu, nikamwambia maofisa wa mfalme hawakuwa na simu. Dakika tano zikaisha na maofisa wakawa wamegawanyika makundi matatu wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Ndipo yule msichana wa dirishani akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali:

"Miss, hatuwezi kukagua kofia. Tukague mlango."

"Endelea."

"Tusiseme kofia hii ni ya wapi. Tuseme hakuna mtu kutoka na kofia. Tukae mlangoni. Yeyote anayebeba boksi la kofia kwenda nje, tunamshika."

Nilikwenda kwenye karatasi zangu. Sheria yenyewe nilikuwa nimeinakili. Nilikuwa nimeisoma mara kumi. Nikawasomea: kofia isipakiwe melini, wala isipakiwe juu ya farasi, wala kwenye mkokoteni, kwa nia ya kuitoa nje ya koloni. Farasi na mkokoteni. Nilikuwa nimeona ni maneno ya wanasheria wanaopenda kurefusha mambo. Kumbe waliotunga walijua kofia haisemi. Wakalazimika kumtazama farasi.

"Kwa hiyo ukiwa huna farasi?" mmoja wa wafanyabiashara akauliza. "Ukiivaa tu, ukatembea kwa miguu?"

"Wewe una maoni gani?"

"Mimi ningevaa tatu."

Hata madam alicheka. Nilimsikia.

Halafu nikawasomea kipengele cha mtu mweusi, maana muda ulikuwa umebaki na sikutaka kukiruka. Nikawauliza swali la Bibi: kama katazo hili liliandikwa, linatuambia nini kuhusu waliokuwa wakifanya kazi hiyo kabla? Mikono minne ikainuka mara moja. Kengele ikalia na mikono bado iko juu. Sijawahi kusikia kengele iliyonikera na kunifurahisha vile kwa wakati mmoja.

Walipokuwa wakitoka, yule msichana akasimama mezani kwangu. "Miss, sasa tuambie. Ipi ni ipi?"

Nikamwonyesha ya mashine. Nikamwonyesha ya Bibi. Kisha nikaitwaa ya tatu, na nina hakika kifua kilinijaa. "Hii ameshona mama yangu. Mombasa. Hii mimi siwezi kuikosea."

"Kwa nini?"

"Angalia vitundu. Hakuna mwingine anayeweza kulinganisha hivi."

Aliviangalia kwa makini, akaniamini, akaenda zake.

Madam alinibakiza dakika tatu. Aliniuliza jambo moja tu. "Watu wanaokuja kwenye somo la majaribio hawasemi 'sijui'. Wewe kwa nini ulisema?"

Nilikuwa nimechoka na kidole kinaniuma. "Kwa sababu nilikuwa sijui, madam."

Akaandika kitu kwenye daftari. Akasema watanijulisha.

Siku tatu zilizofuata sikumbuki nilikula nini. Siku ya nne, viza ikiwa imebakiza siku tano, simu ikaita nikiwa jikoni kwa Bibi nakuna nazi. Sauti ya mwanaume wa ofisi ya waajiriwa, isiyo na furaha wala huzuni, iliniomba nilete picha mbili zenye mandhari nyeupe na nakala ya cheti iliyogongwa mihuri. Nikamwuliza za nini. Akasema, kama anazungumza na mtoto, "Za viza yako ya kazi."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale kwenye machicha ya nazi. Kuna kitu kilichokuwa kimenibana mabegani kwa wiki nane, nilikuwa nimekizoea mpaka nikadhani ndivyo mabega yalivyo. Kikatoka. Bibi akaja mbio kwa mwendo wake, akidhani nimejikata.

"Umeumia?"

"Wamenichukua, Bibi."

Alipiga kigelegele ambacho jirani wa ghorofa ya juu aligonga sakafu kukijibu. Kwa hasira au kwa furaha, hatukujua. Kisha akasema, "Inuka basi, nazi haijikuni," na akageuka upande wa sinki, akafungulia maji kwa muda mrefu bila kuosha chochote.

Nikampigia Mama. Nilimweleza kila kitu bila kupumua, forodha, farasi, mtoto wa kuvaa kofia tatu. Alicheka mahali pote pa kucheka.

"Na niliwaambia ni kofia yako, Mama. Niliwaonyesha vitundu. Nikawaambia hakuna mwingine duniani."

Nikasikia anavuta kiti akae.

"Haya, mwanangu," akasema. "Alhamdulillahi. Umekula?"

Ni miaka mitatu sasa. Bado nafundisha shuleni hapo. Kila mwaka nikifika kwenye kofia, natoa mfuko ule wa karatasi, ambao nimeubadilisha mara mbili. Yule msichana wa dirishani amekwenda chuo kikuu, na hasomei historia; anasomea sheria, jambo ambalo nililitarajia.

Likizo iliyopita nilikuwa Mombasa, Mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Sikujua kwamba macho yalikuwa mabaya kiasi hicho. Alikuwa akisema ni ukungu tu. Walipomwondolea bandeji alitazama ukuta, akatazama mikono yake, akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea. Nyumbani alitaka apewe kofia, yoyote, aione. Nikamtolea moja kwenye sanduku lake. Akaigeuza juani, akavitazama vitundu kimoja kimoja, kama mtu anayekutana na wageni.

"Wameshona vizuri hawa," akasema. "Kumbe vizuri hivi."

"Akina nani?"

Akaniambia, bila kuyainua macho kutoka kwenye kofia. Tangu mwaka wangu wa pili wa chuo alikuwa haoni tundu la sindano. Majirani watatu walikuwa wakishona vitundu, kwa zamu, kila mmoja nyumbani kwake, na wakakubaliana nisiambiwe nisije nikaacha masomo. Yeye alifunga ukingo tu, kwa kupapasa.